Kisasi cha Mama Antene: Njia Ilikuwa Wazi

Sehemu ya saba

Wiki jana mliniacha nimepiga magoti kwenye vumbi la Dilala, nikiokota vipande vya antene zangu. Wengine mmenitumia ujumbe mkisema nisamehe. Mmoja ameniambia nisali novena. Asanteni sana. Sikusamehe, na yale niliyoyaomba katika novena ile gazeti hili haliwezi kuyachapa.

Kwa aliyechelewa, habari ni hii. Mimi ni Adolphine, ambaye Dilala nzima inamwita Mama Antene. Mume wangu Banza alikuwa fundi wa redio katika kampuni kubwa ya migodi, ile iliyotulea sote kisha ikatufia mikononi. Ilipokufa, sisi tulipanda juu ya shatodo, ule mnara wa maji wa kampuni ambao siku hizi hauna hata tone la maji. Tukafunga antene, tukaanza kuuza interneti kwa mawimbi, nyumba kwa nyumba. Mtandao wetu tuliuita Ndeke, kwa sababu uliruka juu ya mapaa kama ndege.

Halafu ikaja Tonnerre, kampuni kutoka Kinshasa, na 4G yake. Na aliyewafungulia mlango ni Mukalay.

Mukalay si jirani tu. Ni parrain wetu, msimamizi wa ndoa yetu. Yeye na mkewe Valérie, marraine wetu, ndio waliosimama nyuma yetu kanisani siku ya harusi, na ndio wanaoketi katikati yetu kila tunapogombana. Mtu huyo huyo aliwaambia wakubwa kwamba shatodo inafaa kampuni kubwa, si mtu na mke wake. Tukafukuzwa. Vijana wa Tonnerre walipanda juu wakazitupa chini antene zangu, moja baada ya nyingine. Mukalay alisimama kivulini, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuzika.

Hapo ndipo nilipoapa. Leo nawaambia nilichokifanya.

*

Mwaka ule Kolwezi ilikuwa imeanguka kifudifudi. Bei ya kobalti ilishuka, mgodi mmoja ukafunga mageti, na wanajeshi wakawafukuza wachimbaji wadogo kwenye mashimo. Wateja wangu walifunga magodoro yao juu ya pikipiki wakarudi makwao. Waliobaki, Tonnerre iliwazoa.

Hata Bilkisi, mwenye duka la vitenge, ambaye nilimfungia antene kwa mikono yangu mwenyewe, nilimkuta na kisanduku cheupe cha Tonnerre juu ya meza yake.

"Mama Antene, usikasirike," alisema. "Ndeke yako ilikuwa inaruka muzuri. Mais hii ya Tonnerre, mi nasemezana na dada yangu ya Bukavu, namumona mpaka meno."

"Muangalie muzuri ile meno," nilimjibu. "Siku moja utayatafuta."

Nilikuwa najisemea tu, hasira ikinitoka mdomoni. Kumbe nilikuwa nasema kweli.

Siku ileile binamu yangu Dodo alikuja kula kwangu. Dodo anaendesha kamyo ya kubeba mawe ya mgodi. Ni mtu wa kula kwanza, maneno baadaye. Alimaliza bukari, ugali wetu, akafuta sahani ya sombe, yale majani ya muhogo, kwa kidole, ndipo akaniuliza, akiniita yaya, dada mkubwa, kama kawaida yake.

"Yaya, umepita mu bonde hizi siku?"

"Kule kuko nini? Bantu bote balibafukuza mwezi ule. Mahindi yao imebakia na panya."

"Unayua juu ya nini balibafukuza?"

"Mgodi ulisema ni usalama."

Dodo alicheka mpaka akakohoa.

"Usalama ya nani? Yaya, ile bonde njo remblai mupya. Banafungula carrière ingine, shimo mupya ya mgodi. Udongo yote, mawe yote, tutamwanga pale. Njia ya kamyo banaisha kuichonga, inapita hapa nyuma ya nyumba yako. Siku ya kwanza ntakupigia honi."

"Na ile kilima ya mawe, itapanda mpaka wapi?"

"Itapita shatodo yenu kwa urefu."

Mwiko ulinidondoka.

Ngoja niwaeleze, nyinyi mnaodhani interneti inatoka ndani ya simu. Shatodo haina interneti yake. Inaipata kwingine. Tonnerre walikuwa wameanza na kiungo kidogo cha muda, na sasa walikuwa wanajiandaa kufunga sahani mbili kubwa za mawimbi: moja juu ya shatodo, nyingine kwenye mlingoti mpya ng'ambo ya bonde, upande wa barabara ya Mutshatsha. Sahani mbili zinazotazamana, kama majirani wawili wanaozungumza kila mmoja kwenye kizingiti chake. Simamisha kamyo katikati ya majirani hao, mazungumzo yamekwisha. Na hapa haikuwa kamyo. Ulikuwa mlima.

Watu wa kwingine milima yao waliikuta. Ya kwetu inaletwa na kamyo. Upande wa Kingamyambo wanaurudia uchafu wa zamani wakitafuta shaba iliyosahaulika, na huku kwetu wanamwaga uchafu mpya. Mtoto wa Kolwezi hazoei kilima; leo hakipo, kesho kipo. Na jambo jingine tunalijua sote hapa, hata walevi: mahali watu wanapofukuzwa, kitu kikubwa kinakuja. Lakini wahandisi wa Tonnerre walitoka Kinshasa. Waliona bonde tupu, wakafurahi.

"Dodo," nilisema polepole. "Nani mwingine anayua?"

"Bakubwa ya mgodi. Na siye ba chauffeurs. Juu ya nini?"

"Hakuna. Ngoja nikuongezee bukari."

Nilimwongezea na samaki niliyekuwa nimemfichia Banza. Moyo ulikuwa unaniruka kama wa msichana aliyeitwa jina na anayempenda. Mukalay, nilijiambia, utaanguka, nami nitakuwa nimekaa kwenye kiti nikikutazama.

*

Wiki hiyo hiyo Marraine Valérie alikuja mwenyewe kunialika. Ni mama mnene, mpole, wa kulia haraka. Alikuwa ameniletea kitenge.

"Binti yangu, kesho banachagula mahali ya mlingoti. Parrain anasema ukuye. Mupatane. Mi silale tena juu ya hii mambo."

Nilitaka kumrushia kitenge chake. Badala yake nilikifunga kiunoni papo hapo.

"Ntakuya, Marraine. Mambo ya zamani niliisha kuyaacha."

Alinikumbatia akalia begani kwangu. Nilimwonea huruma kidogo, kidogo sana, kisha nikaukaza moyo.

Kiwanja cha mlingoti kilikuwa cha Mukalay mwenyewe. Msishangae. Mukalay hakosi kwenye kitu. Kanisani yeye ndiye anayeshika kapu la sadaka. Kwenye kamati ya mtaa inayokutana na watu wa mgodi, yeye ndiye anayekaa kiti cha mbele na kumaliza mikate. Basi na Tonnerre walipotafuta mahali pa kupanga, nani alikuwa na kiwanja kilichoinuka vizuri? Mukalay, na kodi kila mwezi.

Tulisimama pale, watu wengi. Mhandisi alikuwa kijana msafi, viatu vyeupe, darubini shingoni. Alitazama shatodo ng'ambo, akatazama bonde, akatabasamu.

"Hakuna nyumba, hakuna miti. C'est parfait," alisema.

Hakuuliza wenye nyumba wameenda wapi. Misingi ilikuwa inaonekana bado, na jiko moja la udongo limesimama peke yake katikati ya mahindi. Nililitazama jiko lile nikanyamaza.

Mukalay alikohoa, akainua sauti ili wote wasikie.

"Ingénieur, mbele ya kufunga, tuulize mwenye kuyua hewa ya Dilala kupita siye bote. Mama Adolphine, sema mbele ya bantu. Hii njia iko wazi?"

Wote walinigeukia. Mhandisi alinyanyua simu yake akaanza kunipiga picha, picha zile zinazotembea.

Nilifikiri: huyu mpumbavu ananipa kisu, tena ameshika yeye makali.

"Iko wazi, Parrain," nilisema. "Haina kintu. Ata ndege hapiti."

Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nilipiga mpaka viganja vikaniwasha.

Na msiniite mwongo. Siku ile njia ilikuwa wazi.

*

Jumamosi mchana sahani zote mbili zilikuwa zimefungwa. Bilkisi alipita akipiga kelele kwamba 4G imekuwa moto, kwamba sasa anamwona dada yake mpaka vishimo vya mashavu. Nilimpongeza. Niliingia sokoni nikanunua samaki mkubwa, nikachota munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, nikapika kama mtu anayesubiri wageni wa heshima. Nilitaka kumwambia Banza siri yangu akiwa ameshiba.

Banza aliingia.

Alikuwa amevaa koti la njano, jipya, lenye radi nyekundu kifuani. Koti la Tonnerre.

"Vua hiyo," nilisema.

"Adolphine, ngoja nikuelezee."

"Vua kwanza."

"Parrain njo ameniombea kazi. Chef ya liaison. Zile sahani mbili, mi njo ntazichunga. Niliisha kutia sahihi."

"Ulitia sahihi bila kunisemesha?"

"Ningekusemesha, ungelikatala."

Samaki alikuwa anaungua. Sikumgeuza.

Mume wangu ni mtu mwema, na hiyo ndiyo taabu yangu ya kwanza duniani. Mtu akimkanyaga, yeye anauliza kama kiatu hakijachafuka. Alikuwa amekaa miezi bila kazi, akichokonoa redio mbovu za watu ambao hawarudi kuzichukua. Sasa alikuwa amesimama mbele yangu na koti lake, akijaribu kutofurahi.

"Imeandikwa nini kwenye kile ulitia sahihi?" nilimuuliza.

"Kama liaison inakatika, mi njo najibu. Ni kawaida. Mais itakatika na nini? Weye mwenyewe ulisema njia iko wazi. Ingénieur alinionyesha, uko mu simu yake, unasema."

Nilikaa chini. 

Nikamwambia yote. Dodo, bonde, kamyo, mlima. Banza alinisikiliza huku uso wake ukibadilika rangi.

"Na weye ulipiga makofi," alisema.

"Nilipiga. Na ningelipiga tena. Sikujua utajiingiza mule!"

"Ile siku mawe itafunga njia, batasema ni nani? Mi njo mwenye balifukuza ku shatodo. Mi njo bwana ya Mama Antene. Batasema tulipanga, weye na miye. Batanifunga, Adolphine!"

"Basi rudisha koti!"

"Sirudishe. Kesho ntabaambia mambo ya remblai, babadilishe mahali."

"Ukibaambia, Mukalay anapona! Atakuwa mwenye kuokoa Tonnerre! Mi nilikula vumbi, Banza. Nilikula vumbi mbele ya bantu, na weye ulikuwa unasema pole, pole, kama mutu anatuliza mbuzi. Ukibaambia, usirudi kulala hapa."

Aliitafuta kofia yake, akaivaa.

"Unaenda wapi?"

"Naenda kuita Parrain."

Nyinyi mliooa na mlioolewa, hebu nisaidieni. Tangu harusi yetu, tukigombana Banza anakwenda kumwita parrain, kama mtu anayekwenda kuchota maji. Hafikirii. Miguu yake inaijua njia.

"Banza! Unaenda kuita mwizi akuye kukata kesi ya wizi?"

Aligeuka akiwa mlangoni.

"Wizi ni yake. Ndoa ni yetu. Parrain ni Parrain."

Na akaenda, na koti lake la njano.

*

Walikuja Jumapili baada ya misa. Mukalay alivaa suti. Marraine Valérie alibeba mkobani sahani yake ya bati, nyeupe, yenye maua mekundu ukingoni.

Sahani hiyo ni lazima niwaambie. Siku ya harusi yetu Marraine alitupakulia chakula cha kwanza ndani yake, akasema: siku mkigombana nitakuja nayo. Mnavua pete, mnaziweka humu. Bibi anaanza kusema, bwana anafuata. Na hakuna anayerudishiwa pete mpaka aseme ukweli. Nimeivua pete yangu juu ya sahani hiyo kwa sababu ya mama mkwe, kwa sababu ya mwanamke mmoja wa Likasi, hata kwa sababu ya chumvi. Sijawahi kudanganya mbele yake. Msiniulize kwa nini. Mbele ya polisi ningedanganya nikiwa nasinzia.

Tulikaa. Nilivua, Banza akavua. Pete zetu ziligusana ndani ya sahani.

Mukalay alikunja mikono juu ya tumbo, akafanya sauti ile ya kanisani.

"Binti yangu, anza. Mugogoro ni ya nini?"

Nilimtazama. Viatu vyake viling'aa. Niliviona vile vile viking'aa siku nilipokuwa chini nikiokota vipande, vikiwa karibu na mkono wangu, wala havikusogea.

Ningeweza kusema tumegombana juu ya samaki aliyeungua. Ukweli wenyewe, aliungua. Mukalay angekula, angetubariki, angeenda, na mlima ungekuja kumla. Lakini ungemla Banza kwanza. Nilimtazama Banza. Bado alikuwa amevaa koti lile, mjinga wangu, amelifunga vifungo vyote mpaka shingoni kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Macho yake hayakuniomba kitu.

Nilimchukia Mukalay kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Na ilinibidi nimwokoe ili nimwokoe mume wangu. Hebu nionyesheni uchungu mkubwa kuliko huo.

"Mu bonde munakuya kilima," nilisema. "Kilima ya mawe. Itafunga njia ya sahani zenu. Ile siku uliniuliza mbele ya bantu, mi nilikuwa niliisha kuyua. Nilinyamaza juu nilitaka uanguke, Parrain. Nilitaka nikuone mu vumbi, ginsi weye uliniona."

Marraine Valérie alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mama Maria," alisema. "Banza! Batamufunga Banza!"

Mukalay hakushtuka.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Nilikuwa nimejitayarisha asimame, aniite mchawi, akimbie kumpigia mhandisi simu. Hakufanya lolote. Aliegemea mbele, akashusha sauti.

"Nani mwingine anayua?"

Wasomaji wangu, mimi nililijua swali hilo. Niliwahi kuliuliza mwenyewe, kwa sauti ileile, nikimtazama Dodo juu ya sahani yake. Si swali la mtu anayeambiwa habari. Ni swali la mtu aliye na habari tayari, anayetaka kujua kama amebaki nayo peke yake.

Hakuuliza kilima gani. Hakuuliza kinakuja lini.

Akili yangu ilianza kukimbia. Kamati ya mtaa inayokutana na mgodi, kiti cha mbele. Mgodi ulipowafukuza watu wa bondeni, nani aliambiwa sababu kwanza? Mukalay alijua kabla njia ya kamyo haijachongwa. Alijua, na akawapangisha Tonnerre kiwanja chake hivyo hivyo, ale kodi mpaka siku mawe yatakapopanda. Na siku hiyo wakubwa wa Kinshasa watatafuta wa kumshika. Watamkuta nani? Fundi aliyefukuzwa shatodo, na sahihi yake. Na mke wake ndani ya simu ya mhandisi, amefunga kitenge kipya, anasema njia iko wazi, anapiga makofi.

Ndiyo maana alinialika. Ndiyo maana aliniuliza mbele ya watu. Ndiyo maana alimwombea Banza kazi.

Nilidhani ninapika kisasi changu. Kumbe nilikuwa sufuria.

"Parrain," nilisema, "haukuuliza ni kilima gani."

Jicho lake moja lilicheza.

"Mama, usigeuze maneno."

"Haukuuliza."

"Bon." Alisimama, akanyoosha koti la suti. "Mulisema ukweli, bote babili. Ndoa inapona. Hii mambo ya remblai inabakia humu ndani, mi njo ntaisemesha bakubwa, pole pole. Wakati uko. Banza, weye chunga kazi yako. Chukueni pete zenu."

Wakati huo huo honi ililia nyuma ya nyumba.

Ndefu, ya furaha, ya mtu anayemsalimia dada yake. Dodo. Halafu kamyo ikapita, na nyuma yake nyingine, na nyingine, zote zimeshiba mawe, zikielekea bondeni. Meza ilitetemeka. Pete zetu zilianza kucheza ndani ya sahani, zikigongana.

"Wakati hauko," alisema Banza. Ni neno lake la kwanza tangu tukae. Alikwenda mlangoni, akaufunga, akasimama mbele yake na koti lake la njano.

Mukalay alinyoosha mkono aichukue sahani, atupe pete zetu, aondoke. Hakuifikia. Marraine Valérie alikuwa ameivuta upande wake.

Miaka yote hiyo, mama huyu hajawahi kusema neno kabla ya mumewe katika nyumba yetu. Kazi yake ilikuwa kubeba sahani na kulia. Sasa hakuwa akilia. Alikuwa anamtazama mumewe jinsi mtu anavyoitazama nyama aliyoinunua na kuipika, na sasa anasikia harufu yake.

"Tata Mukalay," alisema. Hakumwita Parrain. "Ile siku ulirudia na ku kamati, nilikuuliza juu ya nini bale bantu banafukuzwa. Ulinijibu hauyue."

"Valérie, tutasemea ku nyumba."

Marraine alitia kidole chake kwenye kikombe changu cha munkoyo, akakilowesha, akaivuta pete yake. Ilikataa, akaivuta tena, mpaka ngozi ikageuka nyekundu. Ilitoka. Akaiangusha ndani ya sahani, juu ya pete zetu.

"Weka na yako," alisema.

"Mi njo Parrain hapa!"

"Weka. Bibi amekwisha kusema yake. Sasa ni bwana."

Kamyo nyingine ilipita. Mukalay alimtazama mkewe, akamtazama Banza mlangoni, akanitazama mimi. Nilingoja kuona kama atanitazama kama siku ile kwenye vumbi. Hakuweza. Macho yake yalishuka mpaka kwenye pete yake, pana, ya dhahabu, iliyozama katika kidole kinene. Akaishika kwa vidole viwili, akaanza kuizungusha. Ilikuwa imekaza.

"Haitoke," alisema.

Siwafichi, nilifurahi. Nilifurahi mpaka masikio yakaniwaka.

Niliinuka bila haraka, nikaenda jikoni, nikarudi na bakuli la maji na sabuni. Nikaviweka mbele yake.